Jina Lililofunikwa Turubai

Jina la marehemu mume wa Dulcie silitaji, na msomaji asininunie. Kwetu, sisi weusi wenyeji wa Australia, mtu akifa jina lake huwekwa kando mpaka wenyewe walifungue, na anayelitamka ovyo ni kama anamvuta shati mtu aliyekwisha kuaga. Tutamwita Jungarrayi, ambalo ni jina la mlango wake wa ukoo. Wenye mlango huo wamejaa tele, kwa hiyo halimshtui mtu. Dulcie mwenyewe ni Nangala, na Jungarrayi huoa Nangala. Ndivyo ilivyopangwa tangu hapo, na hawa wawili juu ya kupangiwa walipendana, jambo ambalo si kila aliyepangiwa amelipata.

Dulcie alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe, nyuma ya jiko la mwenye shamba. Akakua akipiga deki na kukanda mikate ya watu wengine. Ujira wake ulikuwa unga, majani ya chai, sukari, na gauni moja kila Krismasi, na gauni lenyewe lilikuwa limekwisha kuvaliwa. Alipokuwa mwari ikaja sheria kwamba weusi walipwe sawa na weupe. Tulishangilia. Wenye mashamba walipiga hesabu zao, kisha wakatuambia tufungashe. Hivyo ndivyo watu wa Dulcie walivyojikuta pembeni ya mji wa Harker Creek, ng'ambo ya mto mkavu wa mchanga, wakiwa na haki zote na kazi hakuna.

Kilichokuwepo ni uwanja wa mpira. Timu ya mji iliwapokea vijana wetu haraka sana, kwa maana walikuwa wakikimbia na Wazungu walikuwa wakitembea. Ila chumba cha kubadilishia nguo, chenye bafu la maji ya moto, kilikuwa cha weupe peke yao. Waliruhusiwa kufunga mabao, hawakuruhusiwa kuoga. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa nahodha, Bwana Pritchard, na misimu kadhaa aliufunga mlango ule kwa mkono wake mwenyewe huku Jungarrayi na wenzake wakivua nguo chini ya miti.

Pritchard na Jungarrayi walikuwa na jina moja la kwanza. Lile lile silitaji. Watazamaji, ili wasichanganye, wakawaita Mweusi na Mwekundu, maana Pritchard ana ngozi ya kuungua kabla jua halijachomoza vizuri. Basi Jumamosi moja Mwekundu alikuja na mkoba wake mpaka chini ya miti, akaketi karibu na Mweusi, akaanza kufungua kamba za viatu. Jungarrayi aliitazama ile miguu myeupe kwa muda mrefu.

"Zifunike hizo," akamwambia, "kuna ng'ombe kule watatimka."

Baada ya hapo mlango haukufungwa tena, kwa kuwa hakuna mchezaji aliyependa kukaa ndani ilhali nahodha yuko nje. Jioni ile Dulcie, akifua jezi, alisema bado hajaridhika.

"Hajaomba radhi."

"Amekuja kwa miguu yake," mumewe akajibu. "Unataka aje na nini tena?"

Toka hapo wale wawili wakawa kitu kimoja. Walipostaafu mpira wakautunza uwanja pamoja, wakachora mistari, wakafukuza mbwa, wakagombana na waamuzi. Wazee wetu wakampa Pritchard mlango wa Jungarrayi, ndugu wa ndugu, hivyo kwa Dulcie akawa shemeji kamili. Na shemeji kwetu hapewi nafasi ya kupumua kwa utani.

"Shemeji, leo umeiva," Dulcie humwambia. "Nikuepue?"

"Geuza upande wa pili kwanza, Nangala," naye hujibu, na mkewe Joan hucheka kuliko wote.

Upatanisho wa weusi na weupe ulipokuja kuwa jambo la serikali, Dulcie alikuwa amekwisha kuuona wa aina yake. Hata hivyo hakukosa. Aliandamana kuvuka mto wa mchanga na vibendera. Siku Waziri Mkuu alipoomba radhi bungeni kwa ajili ya watoto wetu waliochukuliwa kwa nguvu na serikali, alikaa mbele ya televisheni katika ukumbi wa shule akalia mpaka kitambaa kikalowa, maana dada yake mkubwa alichukuliwa na hakurudi. Baadaye watu walimwuliza ameonaje. Alisema maneno yalikuwa mazuri na biskuti zilikuwa za zamani.

Msiba ulitokea mwezi wa Januari, wakati wa joto linaloyeyusha lami. Dulcie alihama nyumba yake siku hiyohiyo, akakata nywele, akajipaka udongo mweupe, akaenda kukaa na wajane wenzake katika kambi yao, nyuma tu ya uwanja wa mpira. Huko mjane hasemi. Hakuna aliyemshikia fimbo. Maneno yake yamekwenda na mumewe, na yatarudi siku ya kutoka eda. Kwa wakati huo huzungumza kwa mikono, na usidhani mikono haisengenyi. Wajane watatu waliokaa kimya wanaweza kumchamba mtu mpaka akakoma. Mdogo wake Dulcie, Lorna, ambaye hakufiwa na mume, alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili, kwa hiyo familia haikupungukiwa.

Na jina likalala. Kila aliyekuwa nalo aliliweka chini, naye akaitwa Kumanjayi, kama kawaida ya aliyebaki na jina la marehemu. Msimu mmoja wa nyuma timu yetu ilikuwa na akina Kumanjayi watatu kwa mpigo, na mtangazaji wa redio alikaribia kuacha kazi.

Watu walikuja matangani kutoka mbali, magari yakitimua vumbi siku baada ya siku. Wote waliofika waliketi chini mbele ya Dulcie, wakaegemeana mabega, wakalia kwa sauti, kisha wakapisha wengine. Ndugu za mume walikuja wote. Pritchard hakuja. Alionekana kanisani siku ya mazishi, amesimama nyuma kabisa, kofia kifuani, na akaondoka kabla vumbi la kaburi halijatulia. Mjane hasemi lakini macho anayo. Dulcie aliliona hilo, na hakulisahau.

"Yule ndugu yake mwekundu yuko wapi?" mikono yake ikamwuliza Lorna.

"Mzungu ni Mzungu, dada," Lorna akasema. "Mpira ukiisha kila mtu kwake."

Dulcie hakupenda kuamini. Lakini wiki zilipita na gari la Pritchard halikuingia kambini hata kwa bahati mbaya.

Mwezi wa nne akaja Kirsty Donlevy, msichana wa halmashauri anayeshughulika na mambo ya upatanisho, mgeni bado, ametoka kusini kwenye mvua. Alikuwa mtu mwema. Hilo nalisema mapema kwa sababu yanayofuata hayatamwonyesha hivyo. Lorna alikuwa amekwenda dukani kufuata mikia ya kangaruu, kitoweo chetu. Kirsty akachuchumaa mbele ya mjane, kwa adabu, akavua hata miwani.

"Pole sana na msiba, mama. Nimekuja na habari njema. Halmashauri imekubali uwanja uitwe kwa jina la mume wako." Akalitaja. "Tutaweka bango langoni, herufi kubwa, na picha yake. Tutalifunua Wiki ya Upatanisho. Fikiria mama, jina lake," akalitaja tena, "kila Jumamosi, kwenye kipaza sauti! Wewe unaonaje?"

Dulcie aliinamisha macho. Kisha mkono wake ukageuka, kiganja juu, ukatikisika mara mbili, ambayo kwetu hata mtoto anayetambaa anajua ni hapana. Kirsty akainuka, machozi yamemlenga, naye akampungia mkono.

"Asante, mama. Najua ni vigumu kusema."

Akarudi ofisini akaeleza kwamba mjane ameguswa mno, amekosa hata la kusema, lakini ameafiki.

Bango lilipofika juu ya lori, likasimamishwa langoni na kufunikwa turubai la bluu. Turubai lilikuwa fupi kidogo. Kwa chini ulionekana ukosi wa jezi na kidevu, na Dulcie, akipita kwenda zahanati, alikitambua kidevu kile. Alirudi kambini bila dawa zake. Mbele ya Lorna mikono yake ilikwenda mbio kuliko ilivyowahi kwenda. Lile lango ndiyo njia yake ya dukani, ya zahanati, ya kwa wajukuu. Vipaza sauti viko usawa wa malazi yake. Wakimwita marehemu kila wiki namna hii atapumzika vipi? Na yeye Dulcie atakaa vipi chini ya uso wa mumewe? Akamaliza: likifunuliwa naondoka, nakwenda kwa watu wa mama mpakani, na sirudi.

Lorna alijua dada yake hatishii. Watu wa mama walikuwa mbali, siku nzima ya barabara mbovu, na huko Dulcie angetoka eda mbele ya watu wasiomjua marehemu. Akaenda halmashauri, kilemba kichwani na hasira mbele.

"Mlimwuliza nani?"

"Mama Dulcie mwenyewe," Kirsty akasema. "Alikubali."

"Alikubali kwa mdomo gani? Mjane huyo, mwanangu! Hajasema neno tangu Januari."

"Ali... alinipungia mkono."

Lorna alimwigiza kwa mkono, kiganja juu. "Hivi?"

"Ndiyo, hivyo hivyo."

"Alikuwa anakukatalia!" Lorna akacheka kwanza, kwa kuwa ilichekesha, halafu akapiga meza mpaka vikombe vikaruka. Kirsty akawa mwekundu, kisha mweupe, kisha akaketi chini.

Mwenyekiti, Bwana Bramwell, alitoka chumbani kwake kwa zile kelele. "Bi Lorna, mialiko imekwisha kutoka. Wageni wanapanda ndege toka Darwin. Na mimi, nikisema ukweli, siwaelewi. Mmelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba mji huu hauna jina lenu hata mlangoni mwa choo. Leo tunaandika, mnasema tufute."

"Nani kasema mfute? Tunasema msubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuseme."

"Hiyo si tarehe."

"Ndiyo tuliyo nayo."

Nitamtendea haki Bramwell: alikuwa na neno. Barabara zote za Harker Creek zina majina ya wenye ng'ombe, wakiwemo waliotuambia tufungashe. Jina la mtu wetu pale langoni lingekuwa kubwa, na siku moja tutalitaka. Lakini hata wema unapaswa kupiga hodi, na huu uliingia moja kwa moja mpaka chumbani.

"Sikiliza," Bramwell akasema, akidhani anatuliza mambo. "Anayefunua ni Pritchard. Rafiki yake wa chanda na pete. Amekwisha kukubali. Heshima gani tena?"

Lorna alitamani asilifikishe neno hilo kambini, lakini dada yake alimsoma usoni kabla hajakaa. Pritchard amekubali. Hakuja kulia, ila kuvuta kamba mbele ya wageni atakuja. Dulcie alianza kukunja mablanketi yake.

Angeondoka mapema kama si mpwa wake mwenye gari. Kijana alikuwa beki, na mechi ya kufunga Wiki ya Upatanisho ilikuwa siku hiyohiyo ya kufunua bango.

"Shangazi, nikishamaliza tu kucheza, tunaondoka," alimwambia. "Siwezi kuwaachia lango wazi."

Basi Jumamosi ile, upepo wa baridi wa mwisho wa Mei ukivuma, Dulcie alikuwa angali palepale, na wajane wenzake, upande wa mwisho wa uwanja. Aliketi akilipa lango mgongo, furushi kando, blanketi limefunika masikio.

Soseji zilichomwa. Hotuba zilisemwa, moja ndefu kuliko nyingine. Kirsty alikuwa akizunguka bila kumtazama mtu machoni. Inasemekana alimwomba Bramwell waahirishe mpaka akalia, na Bramwell akampa glasi ya maji. Kisha mwenyekiti akashika kipaza sauti.

"Na sasa namwomba nahodha wetu wa zamani aje afunue. Makofi kwa Bwana..." Akamwita Pritchard kwa jina lake la kwanza, kwa sauti kubwa, mara mbili.

Blanketi halikusaidia kitu. Wanawake wote wa upande wetu waliguna kwa pamoja, wakafunika vichwa. Bramwell mwenyewe hakugundua alichofanya. Kwake alikuwa anamwita Pritchard tu.

Pritchard alipanda jukwaani taratibu, goti moja likiburuta. Alikuwa amezeeka tangu Januari. Alikipokea kipaza sauti akakohoa ndani yake.

"Bramwell, jina hilo situmii tena."

Upande wa Wazungu kukawa na kicheko.

"Sifanyi mzaha. Mimi na marehemu tulikuwa na jina moja, mnajua nyote, mmetucheka miaka mingi. Yeye ameondoka nalo. Kwa watu wake, anayebaki na jina la aliyekufa analiweka chini. Nami nimeliweka. Mimi sasa ni Kumanjayi." Alilitamka vibaya, akarudia, akalipata. "Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mtu mzima nimeishi na watu hawa miaka yote hii, ningehitaji kuambiwa?"

"Ni kweli!" Joan akapaza sauti toka kwenye viti. "Tangu kiangazi namwita 'wewe'! Duka la dawa hawajui wamwandike nani!"

Watu wakacheka tena, lakini safari hii kilikuwa kicheko kingine, na kikaisha upesi.

"Nilipoombwa kuivuta kamba hii nilikubali," Pritchard akaendelea, "kwa sababu ningekataa wangempa mwingine, na huyo angeivuta. Mimi siivuti. Mkewe yuko kule. Akisema lifunuliwe, litafunuliwa. Kwa sasa hawezi kusema, nanyi mngelijua hilo kama mngemwuliza mtu." Akaweka kipaza sauti mezani. Akashuka, akaenda langoni kwa goti lake, akalivuta turubai mpaka likafunika kidevu, akalifunga mafundo ya mtu asiyetaka lifunguke. Kirsty alikwenda kumshikia ncha ya pili ya kamba. Bramwell alibaki amesimama na karatasi zake, wageni wa Darwin wakimtazama yeye, yeye akitazama soseji.

Dulcie alikuwa amelitoa blanketi kichwani. Alikuwa amesikia lile neno, Kumanjayi, kwa lafudhi ya Mwekundu, likitoka kwenye vipaza sauti alivyoviogopa. Miezi yote ile alidhani yule mtu amerudi kwa Wazungu wake, kumbe alikuwa amejifungia ndani na msiba, hana hata jina. Aliona uchungu, na aliona aibu, na zaidi ya hayo alimkasirikia sana, kama mtu anavyomkasirikia ndugu.

Akasimama. Akaukatiza uwanja mzima kwa miguu, wachezaji wakimpisha, wajane nyuma yake na Lorna akikimbilia. Alipofika langoni aliketi chini kwenye vumbi jekundu mbele ya Pritchard, akaanza kulia. Kulia si kusema. Sauti yake ilitoka ikapanda, wajane wakaipokea, na Wazungu wa Harker Creek, ambao wengi walikuwa hawajawahi kukaribia matanga yetu, wakavua kofia mmoja mmoja bila kuambiwa.

Pritchard alisimama, hajui mikono aiweke wapi. Dulcie akajifuta uso. Mikono yake ikazungumza.

"Anasema nini?" Pritchard akauliza.

"Anauliza ulikuwa wapi," Lorna akasema.

"Nilikuwa nyumbani. Nilifika mpaka kwenye geti la kambi, mara nyingi tu. Sikujua kama naruhusiwa."

"Ruhusa!" Lorna alifoka, pua inamtiririka. "Nani anaomba ruhusa ya kumlilia ndugu yake?"

Mikono ya Dulcie ilikuwa haijamaliza. Lorna aliitazama, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue maneno yakamkwama.

"Anasema mjane hurudishiwa maneno yake na ndugu za mume, wakiwa wote. Wengine walikwisha kufika zamani. Anasema amekaa kimya muda wote huu akikungoja wewe."

Pritchard aliketi chini kwenye vumbi pamoja nao, ingawa goti lilimkatalia, na wanawake wakasogea kumpisha. Akaegemeza kichwa kwenye bega la shemeji yake, akalia kwa sauti, kama tunavyolia sisi.